Wamisri wa kale walikwisha lini hasa? Mgeni wangu kanivuruga pale Mnara wa Saa

Suka wa Njiro

Wakuu, habari za jioni. Mimi si mtu wa historia, mimi ni suka. Nabeba wageni wa mbugani, mwaka wa kumi na tisa huu, kwa hiyo nikichapia mnirekebishe taratibu.

Nina kadesturi kangu. Asubuhi kabla hatujaelekea Karatu, mgeni nampitisha Mnara wa Saa, pale Arusha mjini. Nahangaika na maegesho, nawakwepa vijana wa bangili, halafu natoa hotuba: "Hapa mliposimama ni katikati ya Kairo na Cape Town." Aliyepima simjui na sijawahi kumtafuta. Wageni wanaipenda, wanapiga picha, siku inaanza vizuri.

Wiki iliyopita nikapata mzee na mkewe kutoka Misri kwenyewe. Nikasema leo hotuba imepata mwenyewe, nikaimwaga yote. Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia Kairo ni mji wa juzi, umeanzishwa mwaka 969, na walioujenga nao walikuja na jeshi kutoka upande wa Tunisia. "Sisi walitukuta." Akakunja mkono wa shati akanigeuzia kiganja cha kulia. Hapa kwenye kifundo, kwa ndani, kuna msalaba mdogo wa wino, umefifia hadi ukadhani ni mshipa. Alichorwa akiwa mtoto. Akasema: "Mimi ni Mkopti, Mkristo wa Misri. Huyo Mmisri wa kale mnayemwangalia makumbusho, leo unamwendesha wewe."

Sasa tulipofika Mto wa Mbu tukasimama kununua ndizi nyekundu, akaona watu wanapanda mpunga. Akaniambia kwao mkulima, awe Mkristo awe Mwislamu, bado anahesabu msimu kwa miezi ya mafarao. Mwezi wa kupanda ngano unaitwa Hatur, kutoka kwa Hathor, yule mungu wao mwenye pembe za ng'ombe. Wana na msemo: Hatur, baba wa dhahabu iliyotawanywa. Dhahabu yenyewe ni mbegu za ngano.

Nikarudi nyumbani namsimulia binti yangu wa kidato cha pili. Ananiambia, "Baba, Wamisri wa kale walitoweka, tumesoma." Walitoweka! Watu waliobeba mawe yale yote? Nani aliwamaliza, na mwaka gani? Na kama walikwisha, yule mzee niliyempeleka kreta ya Ngorongoro ni nani?

Naomba wajuzi. Nawasilisha.

Kijana wa Sakina

Mkuu mbona rahisi, walizama Bahari ya Shamu na magari yao. Soma Kutoka 14 ulale.

Suka wa Njiro

Walizama wanajeshi, dogo. Mama zao walikuwa nyumbani.

Mwalimu wa Kibosho

Suka, shikamoo nakupokelea kabla hujaitoa. Nimefundisha historia miaka 31, sasa nimestaafu, nafundisha migomba. Swali lako ni zuri ila limeulizwa kwa namna ya polisi: nani kaua, saa ngapi. Hapa hakuna maiti. Kuna watu waliopokonywa kazi moja baada ya nyingine ndani ya miaka zaidi ya elfu moja, na kila kazi ilipoondoka iliondoka na kipande cha Umisri. Nisikilize, nitakuwa mrefu, leo huku mvua inanyesha.

Wageni wa kwanza hawakuharibu kitu. Walibya walitawala kuanzia karne ya 10 KK. Mnamjua mmoja wao, ni Shishaki wa 1 Wafalme 14. Wakaja Wakushi, wakaja Waashuru waliouteka mji wa Thebes mwaka 663 KK. Ndio No-Amoni anayeutaja nabii Nahumu. Mgeni akikaa muda alivaa kilemba cha farao, akajenga hekalu, akazikwa Kimisri. Misri ilikuwa inameza wageni kama kihamba, shamba letu la migomba, kinavyomeza majani makavu.

Mwaka 525 KK akaja Cambyses wa Uajemi. Huyu alikuwa na kwao. Ndiyo tofauti. Alichukua nchi, akaiweka chini ya liwali, kodi ikapanda njia kwenda mbali. Lakini angalia jinsi alivyoingia. Kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Udjahorresnet, mkuu wa jeshi la majini la farao aliyeshindwa. Huyu bwana hakufa vitani wala hakukimbia. Alimpokea Cambyses, akawa tabibu wake mkuu, akamtungia jina la kifarao, kisha akamwomba awatoe askari wa kigeni waliokuwa wamejenga vibanda ndani ya hekalu la mungu wa kike Neith pale Sais. Wakatolewa. Baadaye Darius akamrudisha nyumbani kufufua shule ya waandishi wa hekalu. Haya yote aliyachonga mwenyewe kwenye sanamu yake, ipo Vatikani mpaka leo, haina kichwa cha asili. Msaliti au mwokozi? Darasani kwangu walikuwa wanagawanyika nusu kwa nusu kila mwaka, na mimi nilikuwa nabadilika kutegemea mshahara umetoka au haujatoka.

Wamisri walijikomboa mwaka 404 KK, wakarudi kutawaliwa na Waajemi kama mwaka 343 KK. Aliyekimbia safari hiyo, Nectanebo II, ndiye farao mzawa wa mwisho aliyeshika nchi nzima. Kuanzia hapo mpaka maofisa wa jeshi walipompindua mfalme mwaka 1952, hesabu mwenyewe miaka nchi nzima iliyokaa bila mtawala mzawa.

332 KK akaja Alexander, na baada yake ukoo wa Ptolemy. Hawa sasa ndio wa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hawakuvunja kitu. Walijenga! Hekalu la Edfu unaloliona kwenye kalenda limejengwa nao, 237 hadi 57 KK. Ukutani mfalme amechorwa kama farao, ofisini anaandika Kigiriki. Hapo ndipo kisu kilipopita bila damu. Mkataba wa shamba ukiandikwa kwa mwandiko wa Kimisri, ule wa kawaida unaoitwa demotiki, ilibidi uambatane na maelezo ya Kigiriki ndipo usajiliwe. Mwaka 118 KK ikatoka amri kwamba lugha ya mkataba ndiyo itakayoamua kesi inakwenda kwa mahakimu wa Kigiriki au wa Kimisri. Inasikika haki kabisa. Ila mtu mwenye akili akijua hakimu yupi ana nguvu, anaanza kuandika mikataba yake kwa lugha gani? Sisi tuliokaa kwenye benchi na mjomba, kesi ya mpaka wa kihamba, hukumu inasomwa kwa Kiingereza ukurasa wa saba, mjomba ananigusa kiwiko ananiuliza, "Tumeshinda?"... sisi hatuhitaji kuelezwa sana.

Na msidhani walinyamaza. Mwaka 205 KK kusini kuliasi. Thebes ikawa na farao wake, Horwennefer, kisha Ankhwennefer, karibu miaka 20, hadi 186. Ujenzi wa Edfu ukasimama. Katikati ya vita hiyo, 196 KK, makuhani wa Memphis wakatoa lile tamko la jiwe la Rosetta. Kila mtu anajua jiwe lile kwa sababu ya maandishi matatu. Wachache wanasoma lililoandikwa: mfalme kasamehe mahekalu kodi, makuhani wanamshukuru, sanamu yake iwekwe kila hekalu. Kusini wanapigana, kaskazini wanapewa msamaha wa kodi. Sitasema zaidi, nina marafiki waliowahi kuwa madiwani.

Naweka chai jikoni, narudi.

Kijana wa Sakina

Mwalimu heshima yako, ila umepita Wakushi mbiombio. Wale ni Waafrika weusi wenzetu, mbona umewaweka fungu moja na Waashuru? Taharqa unamwitaje mgeni? Na Cleopatra naye?

Mwalimu wa Kibosho

Haki yako, kijana. Niliwapita kwa sababu ni hadithi nzuri na hadithi nzuri hunichelewesha.

Wakushi walitoka Napata, Sudani ya leo, chini ya mlima Jebel Barkal. Walimwabudu Amuni kuliko Wamisri wenyewe. Mfalme wao Piye alishuka na Nile kiasi cha miaka ya 720 KK, na jiwe alilochonga lina habari mbili ambazo nilikuwa nazitumia kuamsha darasa la saa nane mchana. Ya kwanza, aliingia kwenye zizi la mfalme wa Hermopolis aliyemzingira, akakuta farasi wamekondeana kwa njaa, akakasirika kuliko kwa jambo lolote lingine alilofanyiwa katika vita ile. Ya pili, wafalme wa kaskazini walipokuja kusujudu, wengi walizuiwa mlangoni: hawajatahiriwa na wanakula samaki. Aliyeruhusiwa ni mmoja tu, ambaye hakuwa mla samaki.

Taharqa ndiye Tirhaka wa 2 Wafalme 19. Kama Wamisri walimwona mgeni? Walimwona mtu wa kusini anayeijua ibada yao barabara. Kwa hiyo umenisahihisha, sikupaswa kumweka na Ashuru.

Cleopatra ni ukoo wa Ptolemy, Wamakedonia, huyo sina la kukupa. Ila Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anaandika kwamba aliongea lugha nyingi ikiwemo ya Wamisri, wakati wafalme waliomtangulia hawakujisumbua kuijifunza. Karibu miaka 300 ukoo unakaa nchini, anayejifunza lugha ya wenyeji ni wa mwisho.

Laigwanani wa Mjini

Hakula samaki, anajali mifugo kuliko watu, na mlangoni anauliza habari za tohara. Huyo Piye ni Mmasai, tusibishane.

Mama Steshenari

Nacheka peke yangu hapa dukani, mteja kanitazama vibaya. Ila mwalimu, naomba uniguse pale kwenye majina. Mimi ni wa Marangu, duka langu liko mjini Moshi. Nachapa fomu za watu kutwa: maombi ya kazi, viapo vya majina. Kazi ya viapo vya majina ndiyo inayonilipia kodi ya fremu. Mtu nyumbani anaitwa jina alilopewa na bibi, kwenye cheti cha ubatizo lingine, kitambulisho kimechanganya yote mawili na herufi moja imeruka. Nawaandikia "majina haya yote ni ya mtu mmoja". Hao Wamisri chini ya Wagiriki walifanyaje? Na watoto wao walikuwa wanaongea nini? Wangu wa mwisho bibi yake akimsalimia Kichagga anajibu "poa".

Mwalimu wa Kibosho

Mama, kama ungekuwa na duka Fayum mwaka 120 KK ungekuwa tajiri. Kulikuwa na karani wa kijiji cha Kerkeosiris, anaitwa Menches. Hilo la Kimisri. Kwa Kigiriki ni Asklepiades. Mtu mmoja. Faili zake tunazo, na namna zilivyopatikana ni kichekesho: mwaka 1900 vibarua walikuwa wanachimba Tebtunis wakitafuta maiti za watu, wanakutana na mamba tu waliokaushwa, mamba baada ya mamba. Mmoja akapandwa na hasira akampasua mamba, kumbe amefungwa na kujazwa makaratasi ya mafunjo. Ofisi nzima ya Menches ilikuwa tumboni mwa mamba.

Humo tunamwona akiomba kuteuliwa tena kuwa karani. Anaahidi artaba (kipimo chao cha nafaka) 50 za ngano na 50 za jamii ya kunde, na kulima kwa gharama yake kipande cha shamba lililotelekezwa. Ada au hongo, mjiamulie. Nachotaka muone ni kwamba Menches si mnyonge. Anakula, ana cheo, anapima mashamba ya wenzake. Ili apande ilimbidi awe Asklepiades mchana. Jioni nadhani alikuwa Menches. Ni wajukuu ndio hujisahau kipi kilikuwa cha jioni.

Haya, chai imeiva, namalizia nililoahidi.

Mwaka 30 KK Roma ikachukua. Augusto, yuleyule wa Luka sura ya pili aliyeandikisha watu. Misri ikawa ghala la ngano la kulisha mji wa Roma. Mgiriki alitawala Misri kutoka Aleksandria. Mroma alitawala kutoka ng'ambo ya bahari, ukuta wa hekalu unamchora kafaraoishwa ilhali wengi wao hawakukanyaga kule. Wakaleta kodi ya kichwa. Mwanamume wa miaka 14 hadi 60 analipa taslimu kila mwaka, anapewa risiti kwenye kigae cha chungu, vigae vipo maelfu. Raia wa Roma halipi. Mwenyeji wa Aleksandria halipi. Wa miji mikuu ya wilaya analipa pungufu. Anayelipa yote ni "Mmisri". Mnaona? Miaka 3,000 neno hilo lilikuwa fahari, sasa ni daraja la kodi. Mzazi gani atataka mwanawe abaki kwenye daraja hilo?

Wakulima wakaanza kukimbia mashamba. Kwa Kigiriki kukimbia huko kuliitwa anachoresisi, kujitenga, kupotelea jangwani au mabwawani. Neno hilohilo baadaye likawa la wamonaki wanaojitenga kusali. Antoni Mkuu, aliyekufa mwaka 356, alikuwa mtoto wa mkulima wa Kimisri na hakujua Kigiriki. Si yule Antoni wa Padua mnayemsumbua mkipoteza funguo, huyu ni mwingine kabisa.

Na mahekalu? Augusto alichukua ardhi zao, makuhani wakawekwa chini ya afisa wa serikali. Hekalu ndilo lililokuwa shule. Ukiua shamba la shule, shule haifungwi siku ile, inakondeana kama wale farasi. Kaisari wa mwisho ambaye jina lake limechongwa kwa hieroglifu, yale maandishi ya picha, kwenye ukuta wa Esna ni Decius, karibu mwaka 250. Na maandishi ya mwisho kabisa ya hieroglifu tunayoyajua yako Philae, kisiwani kule Aswan, ya tarehe 24 Agosti 394. Aliyeyaacha ni kuhani Nesmeterakhem. Amechora mungu Mandulis pembeni, mkono umetetemeka, mchoro si mzuri. Nilipokuwa naonyesha picha yake darasani nilikuwa nawaambia wanafunzi: mtazameni huyu, huenda nyumbani hakuwa na mtu wa kumsomea alichoandika. Maandishi ya demotiki ya mwisho yapo hapohapo Philae, mwaka 452.

Lakini Suka, lugha haikufa! Hapo ndipo mzee wako anaingia. Wakristo wa Misri walichukua herufi za Kigiriki, wakaona sauti zao nyingine hazina herufi, wakaazima sita saba kutoka demotiki ya babu zao. Kikopti hicho. Kimisri kilekile kimevaa koti la kuazima. Hata jina: Kopti linatoka kwenye Kigiriki Aigyptos, na hilo Aigyptos Wagiriki walilipata kwenye jina la hekalu la mungu Ptah kule Memphis, Hut-ka-Ptah. Kwa hiyo mzee akijiita Mkopti anataja hekalu la kipagani la mababu zake, na msalaba mkononi.

Waarabu waliingia mwaka 639, ngome ya Babeli ya Misri ikaanguka 641. Mwanzoni makarani Wakopti walibaki ofisini na daftari zao za Kigiriki na Kikopti. Kiasi cha mwaka 706 ikatoka amri daftari za serikali ziwe za Kiarabu. Kulikuwa na jizya, kodi ya wasio Waislamu, kulikuwa na maasi, kubwa la mwisho ni la watu wa mabwawa ya Bashmur, lililozimwa 831 na 832, khalifa al-Ma'mun mwenyewe akaja. Baada ya hapo Kikopti kikaanza kurudi nyuma: ofisini, kisha sokoni, kisha jikoni, mwisho kikabaki madhabahuni.

Nimechoka. Ulizeni.

Abuu Levolosi

Asalaam aleykum mwalimu, somo zuri. Nyongeza ndogo kwa heshima. Mzee wa Suka akisema "sisi ndio Wamisri wenyewe", tumwelewe, ila asiwavue wenzake. Waarabu waliokuja na Amr bin al-As walikuwa jeshi, hawakuwa taifa zima lililohama. Yule mkulima Mwislamu wa Misri ya juu anayepanda ngano mwezi wa Hatur, babu yake wa mia ni yuleyule aliyepewa kigae cha risiti na Mroma. Alibadilisha dini na lugha, shamba hakulibadilisha. Mimi nimekaa Kairo miaka minne kimasomo. Mwenye nyumba wangu alikuwa Hajj, na mamba alimwita "timsah". Neno hilo Waarabu walilikuta Misri.

Mwalimu wa Kibosho

Wa aleykum salaam Abuu. Hapo umenisaidia, nilikuwa nalitafutia njia ya kulisema. Wakati wa Roma "Mmisri" lilikuwa daraja la kodi, sasa watu wawili wa kijiji kimoja wanagombea nani alirithi jina. Wote wamerithi.

Kijana wa Sakina

Kwa hiyo jibu la mtihani ni lipi, walikwisha 343 KK, 30 KK, 394 au 706?

Mwalimu wa Kibosho

Ukiulizwa farao mzawa, 343 KK. Ukiulizwa dola, 30 KK. Hieroglifu, 394. Ukiulizwa watu, mwambie msimamizi akusogezee kiti upumzike, swali halina jibu la tarehe. Na usiniandikie 706 bila kueleza maana yake, nitakukata.

Mama Steshenari

Mwalimu miaka 31 haijamtoka.

Suka wa Njiro

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote nikiwa getini nasubiri kibali, nimesoma mengine mara mbili. Mwalimu, marahaba yako naipokea ila ningekukuta Kibosho ningeinama.

Sasa niwape ya leo. Nilimwandikia yule mzee nikamuuliza kama anaongea Kikopti. Akajibu haongei, anasali nacho tu. Akanitumia sauti aliyorekodi kanisani kwao Jumapili, dakika kumi na moja. Kuna matoazi yanagongwa na pembetatu ya chuma, wazee wanavuta silabi moja mpaka unadhani simu imekwama. Nimeiweka kwenye spika za gari, tuko na binti tunatoka Njiro kwenda Kilombero sokoni. Mara binti akapiga dashibodi: "Baba, hilo nimelielewa!" Akanirudishia nyuma. Kweli bwana, wanasema "Kirie eleison", ile tunayoimba kwaya yetu. Nimefurahi mpaka nikapitiliza kona. Kimisri cha farao na mimi naelewa neno!

Mwalimu wa Kibosho

Suka, pole. Hicho ni Kigiriki.

Suka wa Njiro

Duh.

Laigwanani wa Mjini

Hahaha Ptolemy kamfuata mpaka Kilombero.

Suka wa Njiro

Nimemrudia mzee nikamweleza aibu yangu. Kacheka tena, hajambo huyu mzee. Anasema Kigiriki hicho kimo kwenye sala zao tangu zamani, ila na lao lipo, wanasema yote mawili: "Epchois nai nan". Bwana, utuhurumie. Tumeisikiliza upya, ipo, dakika ya nne na nusu, binti ndiye kaishika. Sasa anaizungusha nyumba nzima, mama yake anaomba amani.

Ila kaniuliza swali, namwachia mwalimu: kama maana ni moja, mbona wanayaweka yote mawili? Mimi nalala wakuu, kesho saa kumi na mbili nina wageni wa Mnara wa Saa, Wajerumani sita.